Pumzi Thelathini

Mama Mlondani alifika hospitali ya Lusambila siku kumi na tisa baada ya binti yake kufa. Alikwenda moja kwa moja hadi kitanda cha ishirini na sita, akamsikia mtoto anapumua.

Nilikuwa nimepiga magoti karibu na mlango wa wodi nikiunga waya, kwa hiyo niliuona uso wake vizuri. Furaha ile haikudumu hata muda wa kuvua kandambili. Aliweka chini kikapu chake cha muhogo, akafunua blanketi, akakuta mto wa pamba, chupa mbili za maji ya moto, na spika ndogo ya redio iliyofungwa kwa kitambaa. Mto ukavuta pumzi. Ukakohoa mara mbili, kikohozi cha mtoto wa miaka sita, kisha ukavuta tena.

Akafungua kinywa. Mama Bitisho, muuguzi wetu mkuu, ni mwanamke mfupi, mnene, asiyependa kukimbia, lakini siku hiyo alikimbia. Alimziba mdomo kwa kiganja na kumkumbatia kwa mkono wa pili, wakashuka wote wawili hadi sakafuni.

"Usilie, mama yangu," alimnong'oneza. "Nakuomba. Nyasa ametutoka. Tumemzika vizuri, nyanya yake alikuwepo. Lakini ukilia humu ndani, watu wote hawa watakufa leo leo."

Wagonjwa waligeukia ukutani. Hapakuwa na mmoja wao ambaye hakuwahi kuyaona hayo.

*

Kuwaeleza watu habari za Sikio ni kazi yangu, maana mimi ndiye fundi wake. Zamani nilikuwa natengeneza redio na simu sokoni, nikitania wateja na kula karanga zao. Soko halipo tena, na utani nao umenikauka mdomoni.

Niliketi na Mama Mlondani kwenye benchi mbele ya ofisi ya muuguzi mkuu, chini ya ubao mweusi. Juu ya mapaa nyuki walikuwa wanazunguka. Ndivyo tunavyoziita ndege zile zisizo na rubani. Ziko za serikali na ziko za watu wa msituni, zote zina mlio mmoja.

"Lile bakuli jeusi juu ya paa ndilo Sikio," nilimwambia. "Lina vijisikio, kimoja chini ya kila kitanda. Linasikiliza pumzi za wagonjwa. Zikiwa thelathini au zaidi, linawaambia nyuki wote kwamba hapa ni hospitali, nao wanapita. Pande zote mbili zilitia saini nyuki wao watengenezwe hivyo. Zikipungua thelathini, Sikio linanyamaza."

"Likinyamaza?"

"Tunakuwa jengo."

Sijui hiyo thelathini ilitoka wapi. Nasikia walibishana wiki tatu katika hoteli ya nchi moja ya baridi. Kabla ya hapo kila upande ulikuwa unapiga hospitali na kusema humo hamkuwa na wagonjwa, ni askari tu waliojifunika blanketi. Na kweli kila upande ulikuwa umewahi kuwafunika askari wake blanketi. Basi wataalamu wakaunda kitu kisichodanganywa na blanketi. Sisi tulijaribu kukidanganya. Wiki ya kwanza nusu ya mji ilikuja kujilaza vitandani na kukohoa kwa bidii, na Sikio halikumhesabu hata mmoja. Linajua pafu lenye maji. Linajua moyo uliochoka, na linamjua mtu anayepumua kwa sababu tu hajui namna ya kuacha.

Ndipo tukaanza kuogopa kupona. Pale Kananda, ng'ambo ya mto, wagonjwa wawili waliruhusiwa asubuhi moja, wakaondoka wanaimba. Zikabaki pumzi ishirini na nane. Saa tisa alasiri hospitali ya Kananda haikuwepo.

"Siku ile ile," nilimwambia Mama Mlondani, "hapa kwetu alikufa mtu, tukabaki ishirini na tisa. Sikio hungoja muda wa saa tatu kabla ya kunyamaza, huenda akaja mgonjwa mwingine. Hakuja. Nikatoa pumzi za marehemu zilizokuwa zimehifadhiwa ndani ya Sikio lenyewe, nikazitia kwenye spika, spika ndani ya mto, mto juu ya chupa za moto, kwa sababu linahisi na joto. Likakubali. Tangu hapo mito imekuwa kumi na mmoja."

"Huyo wa kwanza alikuwa nani?"

"Wa kitanda cha tisa. Apendeki. Mke wangu."

"Pole sana, baba. Umemlilia?"

"Hapana. Sikio linajua kilio. Waliolitengeneza walilifundisha vilio vya kila nchi. Likisikia kilio wodini linatafuta ni kitanda gani, na linakifuta."

"Basi nitakwenda kulia mtoni."

"Nenda," nilisema, haraka mno.

Alinitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyenawa mikono baada ya kula kuanza. "Kilio cha kwanza huanzia pale pumzi ilipoishia. Kwingine ni kelele. Wewe si mtu wa huku?"

"Ni mtu wa huku."

"Basi unajua pia kwamba aliyetangulia ndiye anayefungua mlango. Mkeo asipoliliwa, wote waliomfuata katika nyumba hii wamekwama nyuma yake. Mwanangu amesimama nyuma ya mkeo, baba."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Alinyoosha kidole kwenye ubao, ambako kila asubuhi naandika hesabu ya Sikio kwa chaki. Paliandikwa 30.

"Akija mgonjwa mmoja zaidi?"

"Ikiwa thelathini na moja, mmoja ataliliwa. Ndivyo tulivyokubaliana na Mama Bitisho, na ndugu za marehemu wote wanajua."

"Nitangoja," alisema.

Nilimwonyesha ubao tu. Kioo cha Sikio, kinachoonyesha hesabu yenyewe, kiko chumbani kwangu na ufunguo ninao mimi. Asubuhi ile kioo kilikuwa kinasema thelathini na tatu.

*

Nieleze na hilo, maana nimeshaanza.

Hesabu ilivuka thelathini kwa mara ya kwanza mwezi wa nne baada ya Apendeki kufa. Wagonjwa watatu wa kipindupindu waliletwa kwa siku moja. Nilichukua chaki nikaenda ubaoni, na nia yangu ilikuwa njema kabisa. Halafu nikamwona Mama Bitisho katika mawazo yangu, akija na ile sauti yake ya pole: Fundi, sasa unaweza kumlilia. Ningelazimika kwenda kitanda cha tisa na kuchomoa waya. Niliandika 30. Nilijiambia ni tahadhari, kwamba kesho watapona watatu na tutakuwa hatarini. Mtu hujidanganya yeye kwanza. Wengine ni rahisi.

Tangu hapo nimeandika 30 siku ambazo kioo kilisema thelathini na moja, na siku kiliposema thelathini na tano. Na kila mmoja aliyekufa baada ya hapo nilimtia kwenye mto, ndugu zake wakaondoka wamemeza kilio chao wakidhani wanaokoa watu.

Nina saa kumi na mbili za pumzi za mke wangu. Zikiisha zinaanza upya. Nazijua zote. Kuna mahali anavuta hewa kwa shida, ananyamaza mpaka unasema basi, halafu anasema, "Wilondja, fungua dirisha." Ni saa nne na robo, asubuhi na usiku. Maneno hayo ningeweza kuyakata kwa dakika moja. Sikuyakata. Miezi kumi na moja, ikifika saa nne na robo naacha kazi yoyote niliyoshika, naenda kufungua dirisha lililo kando ya kitanda cha tisa, na baada ya muda nalifunga ili lipate kufunguliwa tena.

Hata Sikio limeanza kumhangaikia. Waliolitengeneza walikuwa na huruma, siwezi kuwanyima hilo. Kila wiki kioo kinaandika: Mgonjwa wa kitanda 9 hapati nafuu wala hazidiwi. Siku ya 331. Tafadhalini angalieni upya matibabu yake. Nami najibu: Tunaendelea naye.

Wauguzi nao wamebadilika. Kila saa mbili wanapita kubadilisha chupa za moto, na wakiinua mto wanasema pole, kama unavyomwambia mtu mwenye kidonda ukimgeuza. Chupa za kitanda cha kumi na nne anabadilisha Mama Bitisho mwenyewe, hamwachii mtu. Ni kitanda cha kaka yake, Asukulu. Kila asubuhi yeye ndiye wa kwanza kuja kusoma ubao. Anasoma, anatikisa kichwa, anaingia kazini.

Mama Mlondani hakuwa na mgonjwa wa kuuguza, na hakuwa mtu wa kukaa bure. Katika wodi yetu kila anayeuguza hufagia chini ya kitanda cha mgonjwa wake tu. Cha mwenzako hukigusi, isije ikasemwa umemfagilia nje ndugu yake. Yeye alifagia vyote. Hakuna aliyemkataza, labda kwa sababu waliona aibu kumkatalia kitu kingine tena.

Alikuwa anafagia na kusalimia. "Umeamkaje, baba? Umeamkaje, dada?" Wagonjwa wakiitikia anasogea. Akifika kwenye mto anasalimia vile vile, anangoja muda ule ule wa mtu kuitikia, ndipo anaendelea. "Apendeki, mama, umeamkaje?" Nilikuwa nikimsikia akifika hapo natafuta kazi upande mwingine wa jengo.

*

Siku ya tano alikuja chumbani kwangu, ufagio mkononi, saa tatu na nusu asubuhi. Nilisimama mbele ya kioo.

"Fundi, vile vijisikio chini ya vitanda vina taa."

"Ndiyo, mama."

"Ya kijani."

"Ndiyo."

"Yule dada wa mlangoni, anayenyonyesha, homa imemwisha. Taa yake imezimika."

"Sikio limeshamtoa kwenye hesabu."

"Kumbe taa ikiwaka, pumzi imehesabiwa." Aliketi sakafuni. "Nikifagia nainama, baba. Nimeinama siku tano. Kila siku taa hazipungui thelathini na tatu, na kila siku ubao wako unasema thelathini."

Nilikuwa na uongo tayari, tena mzuri: kwamba taa tatu zimeharibika, zinawaka ovyo, vipuri vimekwama mpakani. Mtu yeyote Lusambila angeuamini. Lakini Mama Mlondani alikuwa ameketi sakafuni na ufagio mapajani, miguu ameinyoosha, kama anayengoja ndugu amalize kula ndipo waondoke. Sikuweza.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwezi wa nne baada ya mke wangu kufa."

"Mama Bitisho anajua?"

"Hapana."

Nyuki walipita juu ya paa, wakasikika mpaka wakaisha.

"Siku aliyokufa mwanangu," alisema, "hicho kioo kilisemaje?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikiliogopa tangu alipoweka kikapu chake chini. "Thelathini na nne."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani atalia pale pale, na ningemstahi. Alipoinua uso ulikuwa mkavu.

"Mama yangu amevuka mto bila kumlilia mjukuu wake. Naambiwa amebanwa na kifua mpaka leo, hali chakula, anasema ni baridi. Ungetuambia tu kwamba unaogopa. Sisi tungekuelewa. Nani asiyeogopa kuchomoa waya ule? Lakini umeniacha nifagie."

Nilitaka kujitetea. Nilitaka kusema kwamba kesho wanaweza kupona watatu, kwamba Kananda walikuwa na thelathini kamili na ikawamaliza, kwamba akiba si dhambi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yangu.

"Mimi sitamwambia Mama Bitisho," alisema akiinuka. "Utamwambia wewe, kwa chaki yako."

Nilitoka. Mlango wa chumba niliuacha wazi, mara ya kwanza tangu nikabidhiwe ufunguo. Nilifuta 30 kwa kiganja, nikaandika 33. Ile tatu ya pili ikatoka imepinda.

Mama Bitisho alitoka ofisini akiwa na sinia la sindano. Alisoma ubao. Akanitazama, akamtazama Mama Mlondani na ufagio wake, akautazama ubao tena. Ni mwanamke anayejua kusoma joto la mgonjwa kwa kumtazama shingoni. Mimi hakuhitaji kunishika.

"Leo?" aliuliza.

"Siyo leo tu."

Aliweka sinia kwenye benchi polepole, sindano zote zikabaki mahali pake.

"Kaka yangu ana miezi saba, Fundi," alisema.

"Najua."

"Kila asubuhi nimekuja hapa."

"Najua, Mama Bitisho. Nisamehe."

Hakunisamehe. Sidhani kama amenisamehe mpaka leo, na sijamwuliza. Alivua glovu zake, akazikunja, akazitia mfukoni.

"Zimezidi tatu," alisema. "Cha ishirini na sita, mama wa watu huyu amengoja. Cha kumi na nne. Lakini kitanda cha tisa ndicho kinachotangulia. Nenda."

*

Ilikuwa saa nne na dakika kumi nilipofika kitandani. Wodi nzima ilikuwa imejua. Sijui habari hupita wapi katika jengo lenye mlango mmoja. Wagonjwa wenye uwezo wa kukaa walikuwa wamekaa.

"Nipeni dakika tano," niliomba.

Walinipa. Nilisimama nikimsikiliza. Ile pumzi ya shida ilikuja, kisha kimya chake, kile ambacho kwa miezi kumi na moja nimekuwa nikikijua na bado kinanishika moyo kila mara.

"Wilondja, fungua dirisha."

Nilifungua. Hewa iliingia na harufu ya sabuni kutoka kwenye nguo zilizoanikwa nyuma, huko tulikomzika bila sauti, sisi watatu na jembe moja. Nikarudi, nikaingiza mkono chini ya mto, nikachomoa waya.

Nilikuwa nimesahau jinsi kitanda kinavyonyamaza. Nilifungua kinywa ili nilie, na hakikutoka kitu. Nilijaribu tena. Miezi kumi na moja nimemeza, nimemeza, na sasa koo lilikuwa limejifunza kazi hiyo moja tu. Wazima na wagonjwa walinitazama nimetanua mdomo kama samaki, nami nikaona aibu, nikaona nitamwachia mke wangu aibu hii mlangoni kwake.

Mama Mlondani alikuja nyuma yangu. Alinipiga mgongoni kwa kiganja, katikati ya mabega, kama anavyopigwa mtoto aliyepaliwa na uji. Akapiga tena. Mara ya tatu ikatoka.

Sauti ile siwezi kuieleza, sikuijua kuwa yangu. Nilianguka juu ya kitanda, kifua changu kikalala kati ya zile chupa mbili, zilikuwa bado zina moto. Nilimwita jina lake. Nilimwambia nimechelewa. Nilimwambia mambo ambayo mume humwambia mkewe, na wodi nzima ikayasikia, na mbele ya wodi nzima nililia mpaka mbavu zikaniuma.

Mama Bitisho alikuwa amesimama mlangoni pa chumba changu, akisoma kioo kwa sauti ili tusikie.

"Thelathini na mbili," alisema. Kisha akasoma maandishi. "Kifo, kitanda cha tisa, saa nne na dakika kumi na tisa. Poleni."

Mama Mlondani alikaza kikwembe chake kiunoni, akageuka kwenda kwa mwanawe.

"Ngoja," alisema Mama Bitisho. Alikisogelea kioo. "Fundi, imerudi. Ni thelathini na tatu."

Nilikuwa natafuta hewa.

"Inaandika," alisema. Alipoendelea, sauti yake haikuwa ile ya kazini. "Mgonjwa mpya, kitanda cha tisa. Hali mbaya. Msimwache peke yake."

Nusu ya mji ilijilaza hapa ikakohoa, na halikumkubali hata mmoja. Nilitaka kuinuka niende kukagua mitambo, maana fundi ni fundi, nione hitilafu iko wapi. Mama Mlondani alirudi akaniwekea mkono begani, akanigandamiza chini. Aliinama kidogo, kama alivyoinama siku zote tano, akatazama taa chini ya kitanda.

"Inawaka," alisema. "Kaa hapo hapo, baba. Usiinuke. Nafasi yako tutaihitaji, wako wengine nyuma."

Nilisikia akilaza ufagio sakafuni. Nilisikia hatua zake hadi kitanda cha ishirini na sita, na blanketi likifunuliwa, na kikohozi cha mtoto mara mbili, na waya ukichomolewa.

Sikuinuka. Dirisha lilikuwa wazi, na Mama Mlondani akaanza kumlilia mwanawe.